Usafi wa Dar es Salaam: Wajibu wa mwananchi unaanzia wapi, unaishia wapi?

MVUA kubwa inaponyesha jijini Dar es Salaam, taka zilizotupwa wakati wa kiangazi hurudi. Chupa za maji, vifungashio vya plastiki, maganda ya ndizi na vifuu vya nazi vilivyokaa mitaroni kwa miezi kadhaa huinuliwa na maji na kusukumwa hadi barabarani, uani na wakati mwingine hadi sebuleni kwa mtu ambaye pengine si yeye aliyevitupa.

Swali linalozuka kila baada ya mafuriko ni lilelile: nani alaumiwe? Wananchi huilaumu halmashauri kwa kutozoa taka kwa wakati. Halmashauri nayo huwalaumu wananchi kwa kutupa taka ovyo na kukwepa kulipa ada ya uzoaji. Katikati ya malumbano hayo, wajibu wa mtu mmoja mmoja hubaki kuwa kaulimbiu ya kwenye mabango, ilhali sheria za nchi zimeueleza kwa uwazi kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 27, inamtaka kila mtu kulinda maliasili ya nchi, mali ya mamlaka ya nchi na mali yote inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Mto, ufukwe wa bahari na mtaro wa maji ya mvua vimo katika mali hizo za pamoja, ingawa wengi huvichukulia kuwa si mali ya mtu yeyote.

Miaka 27 baada ya Katiba hiyo, Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo imelifafanua jambo hilo zaidi. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani pale haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa kuvunjwa. Kifungu cha 6 kinamwekea kila anayeishi nchini wajibu wa kulinda na kuboresha mazingira, na pia kuziarifu mamlaka zinazohusika juu ya jambo lolote linaloweza kuyaathiri kwa kiasi kikubwa.

Vifungu hivyo vitatu vimepangwa kwa kufuatana, na havikupaswa kutenganishwa. Mwananchi hakupewa wajibu pasipo haki, wala hakupewa haki pasipo wajibu. Anayetupa taka mtaroni amevunja sheria. Lakini hata anayemwona mwenye kiwanda au jirani akitiririsha maji machafu kwenye kijito na kunyamaza, hajatimiza sehemu yake.

Safari ya taka kutoka jikoni

Ili kuona wajibu wa kila mmoja unaanzia na kuishia wapi, inafaa kuifuata safari ya taka yenyewe. Taka za nyumbani huanzia jikoni na uani. Kutoka hapo hutiwa kwenye kiroba au ndoo, kisha husubiri gari, guta au mkokoteni wa mzoaji. Katika mitaa ambayo magari hayawezi kupenya, wazoaji huzipeleka kwanza kwenye vizimba, ambako gari la halmashauri au la mkandarasi huzichukua na kuzipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, nje kidogo ya jiji.

Kila hatua ya safari hiyo hugharimu fedha. Katika mitaa mingi, kampuni au kikundi kilichopewa kazi na halmashauri hutegemea ada zinazotozwa kwa kaya. Kaya chache zikilipa, safari za gari hupunguzwa. Gari lisipoonekana kwa wiki mbili, hata waliokuwa wakilipa huona hawana sababu ya kuendelea. Viroba hurundikana, mbwa na kuku huvipasua, na mwishowe mtu huamka alfajiri na kuvitupa bondeni. Hivyo kila upande hupata kisingizio chake, na taka hubaki mtaani.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hilo. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728. Iwapo mkazi mmoja tu katika kila kumi ataangusha chupa moja ya plastiki kwa siku, jiji litakuwa na chupa zaidi ya 538,000 zilizozagaa ndani ya siku moja, na zaidi ya milioni 3.7 kwa wiki. Hakuna halmashauri yenye wafagiaji wa kutosha kuokota taka za namna hiyo. Kila anayetupa huiona chupa yake kuwa ni moja tu, na kwa hakika ni moja. Mtaro ndio unaozipokea zote.

Mto Msimbazi, unaoanzia katika vilima vya Pugu na kupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani kabla ya kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander, umebeba sehemu kubwa ya mzigo huo kwa miaka mingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40 jijini na kuwafanya wakazi wengi wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Aprili 2018, mvua za masika ziliua tena watu zaidi ya 10 na kuifunga barabara ya Morogoro eneo la Jangwani.

Itakuwa si haki kudai kuwa taka pekee ndizo zilizoleta maafa hayo. Ujenzi mabondeni, ukataji wa miti kwenye miinuko, udongo na mchanga unaosombwa hadi chini, pamoja na ukubwa wa mvua zenyewe, vyote vina nafasi yake. Hata hivyo, kalvati lililozibwa na plastiki halipitishi maji, hata lingejengwa kwa ustadi wa namna gani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi. Huo ni mkopo, na mlipaji wake ni mwananchi huyohuyo anayeambiwa asitupe taka mtoni.

Wakazi walioishitaki halmashauri

Historia ya jiji inaonyesha kuwa wajibu wa mwananchi hauishii kwenye kufagia uwanja wake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa katika eneo lao, waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mahakama Kuu iliamuru umwagaji wa taka hapo ukome. Halmashauri iliomba kuongezewa muda mara kwa mara, hadi Jaji Lugakingira alipokataa ombi jingine mwaka 1991. Jaji huyo alieleza kuwa kuhatarisha afya na maisha ya watu kunagongana na haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba.

Jiji likageukia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, zaidi ya 700, walikwenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, na wao pia wakashinda. Baada ya hapo taka zilipelekwa Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Kesi hizo zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuibana mamlaka kwa njia ya sheria, tena wakazi hao walifanya hivyo zaidi ya miaka kumi kabla Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 haijawapo. La pili ni chungu zaidi: kila mtaa ulioshinda kesi uliondokana na dampo, lakini taka zenyewe hazikupungua hata kidogo. Zilihamia kwa wengine. Mahakama inaweza kuamua taka zisitupwe wapi, ila haiwezi kuamua zitoke ngapi jikoni mwa watu. Hilo limebaki mikononi mwa mwenye jiko.

Funzo la mifuko ya rambo

Wapo wanaoamini kuwa tabia za watu wa mijini hazibadiliki. Yaliyotokea mwaka 2019 yanapinga dhana hiyo. Aprili mwaka huo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, maarufu kama rambo, ingepigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019. Zanzibar ilikwisha kuipiga marufuku tangu mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008 na Kenya Agosti 2017.

Kanuni zilizotungwa ziliweka adhabu kwa ngazi. Mzalishaji au mwingizaji alikabiliwa na faini inayoweza kufikia Sh bilioni moja au kifungo kisichozidi miaka miwili. Muuzaji aliwekewa faini ya kati ya Sh 100,000 na Sh 500,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Mtumiaji wa kawaida naye hakuachwa: faini yake iliwekwa kati ya Sh 30,000 na Sh 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba.

Katika muda wa wiki chache, mifuko hiyo iliadimika sokoni. Vikapu vya ukindu, vilivyokuwa vimesahaulika kabatini, vilirudi mikononi mwa akina mama wanaokwenda Kariakoo na Buguruni. Mabadiliko hayo hayakuletwa na hofu ya faini peke yake. Muuzaji hakuwa tena na mfuko wa kutoa bure, mfuko mbadala ulikuwa na bei yake, na kikapu kilikuwa tayari kipo nyumbani. Sheria, gharama na njia mbadala vilipokutana, mazoea ya miaka mingi yalivunjika.

Lakini ushindi huo haukuwa kamili. Vifungashio laini vinavyoonyesha kilichomo ndani, ambavyo kanuni ziliviruhusu kwa kufungia bidhaa tu, viligeuzwa kuwa mifuko ya kubebea nyanya, vitunguu na dagaa. Mwaka 2021 Serikali ililazimika kutoa onyo na kuyazuia matumizi hayo, pamoja na mifuko mbadala isiyofikia viwango. Sababu yake haiko mbali: mteja alikuwa ameacha tena kubeba kikapu, na muuzaji alimtafutia njia. Sheria iliweza kukiondoa kitu dukani, lakini kubeba kikapu ni uamuzi unaofanywa upya kila asubuhi.

Moto na maji yaliyotuama

Baadhi ya makosa hufanywa na watu wenye nia njema kabisa. Mojawapo ni kuchoma taka uani. Anayechoma huamini kuwa amesafisha, kwa kuwa lundo limetoweka machoni. Kumbe plastiki inapoungua kwa moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye sumu, na baadhi ya aina za plastiki hutoa kemikali za dioksini, ambazo hudumu mwilini kwa miaka mingi. Wa kwanza kuuvuta moshi huo ni watoto wa nyumba hiyohiyo na wa jirani. Mchuma janga hula na wa kwao.

Jambo jingine ni makopo, matairi na vifuu vinavyoachwa uani. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, huzaliana kwenye maji machache yaliyotuama katika vyombo vya namna hiyo, na huuma mchana. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Chandarua cha usiku, kinachosaidia sana dhidi ya malaria, hakiwezi kumzuia mbu huyo. Kumwaga maji ya kwenye tairi ni kazi ya dakika moja ambayo hakuna ofisa wa afya anayeweza kuifanya katika kila nyumba.

Baya zaidi ni desturi ya kutapisha vyoo wakati wa mvua, ambapo mwenye nyumba hufungulia shimo la choo ili kinyesi kisombwe na maji na kuokoa gharama ya gari la kunyonya. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, ukawapata watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 300. Ugonjwa huo huenezwa kwa maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Anayetapisha choo leo hawezi kujua kisima cha nani kitapokea uchafu huo kesho.

Kilicho mezani kwa mwananchi

Kwa kaya ya mjini, hatua yenye manufaa makubwa kuliko zote ni kutenganisha taka. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji ya Tanzania ni mabaki ya vyakula, maganda na majani. Taka hizo zikirundikwa dampo bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya methane, ambayo uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Zikitengwa, huwa mboji ya bustani au chakula cha mifugo. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga huko Mabwepande kituo cha kutengeneza mboji kutokana na taka za masokoni. Katika kata ya Bonyokwa, asasi ya Nipe Fagio ilianzisha utaratibu wa kukusanya taka nyumba kwa nyumba zikiwa zimekwisha kutenganishwa.

Faida ya kutenganisha huonekana mara moja. Ndoo ya mabaki ya chakula ikiondolewa, kinachobaki ni kikavu, hakinuki na kinaweza kukaa hadi gari lije. Chupa, makopo na maboksi yasiyochafuliwa huwa mali kwa waokota chupa, ambao kwa kazi yao hulipunguzia jiji mzigo bila kulipwa na halmashauri hata senti moja. Kuwafungia chupa katika kiroba chao, badala ya kuwaacha wapekue uchafu kwa mikono mitupu, ni utu na ni utunzaji wa mazingira kwa wakati mmoja.

Hatua ya pili ni kulipa ada na kudai huduma. Mwenye stakabadhi ana sauti katika mkutano wa mtaa. Anaweza kumuuliza mwenyekiti na mtendaji wa mtaa fedha kiasi gani zilikusanywa, mkandarasi amefika mara ngapi, na kwa nini kizimba kimefurika. Asiyelipa huuliza maswali hayo kwa unyonge, na asiyehudhuria mkutano hayaulizi kabisa. Pale uchafuzi unapotoka kwa mwenye nguvu, kama kiwanda au hoteli, taarifa kwa ofisa mazingira wa halmashauri ndiyo utekelezaji wa kifungu cha 6.

Mipaka ya lawama

Pamoja na hayo yote, wajibu wa mtu binafsi usigeuzwe kuwa kichaka cha kujifichia mamlaka. Mama anayeishi bondeni, ambako gari la taka halijawahi kufika, hawezi kuhukumiwa kwa kipimo kimoja na mwenye nyumba aliye kando ya lami. Sheria imezipa serikali za mitaa kazi ya kusimamia taka ngumu, na kazi hiyo haiondoki kwa kuwa wananchi wamehimizwa kufagia. Kiwanda kinachojaza soko chupa za kutumika mara moja nacho kina sehemu yake, kwa kuwa ndicho kilichochagua aina ya chombo.

Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, naye mwenyewe akaonekana akiokota taka jijini Dar es Salaam. Mitaa iling'aa siku ile, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kwa usafi. Lakini katika maeneo mengi marundo yaliyotolewa mitaroni yaliachwa kando yake bila gari la kuyachukua, na mvua iliyofuata ikayarudisha mtaroni. Wananchi walitimiza sehemu yao hadi ukingoni. Palipohitajika huduma, mnyororo ukakatika.

Moshi, mji uliojijengea sifa ya usafi kwa miaka mingi, umefika hapo kwa kuyafanya yote mawili: taka kuzolewa, na anayetupa ovyo kutozwa faini papo hapo bila kuangaliwa usoni. Mkazi wa huko hutunza karatasi yake mkononi hadi afike kwenye pipa, kwa sababu pipa lipo na kwa sababu asiyefanya hivyo hukamatwa.

Kwa msingi huo, swali la wajibu unaanzia na kuishia wapi linapata jibu lake. Kwa mwananchi unaanzia kwenye kile anachokubali kubebewa dukani, unapitia ndoo mbili za jikoni mwake, na hauishii getini bali kwenye mkutano wa mtaa, na ikibidi mahakamani. Wa halmashauri unaanzia pale kiroba kilichofungwa vizuri kinapowekwa nje ya geti. Kiroba hicho kikikaa hapo wiki nzima bila kuchukuliwa, aliyekiweka ana haki ya kuuliza. Ila ni lazima kwanza awe amekiweka.